Dakika Tano za Kunyamaza

Mwezi uliopita nilisoma gazetini, nikiwa kwenye kibanda cha chai cha kituo cha mabasi, kwamba Alec Stobbart amepewa ubwana. Ataketi Nyumba ya Juu ya Bunge mpaka afe, na joho jekundu lenye manyoya ameshashonewa. Hilo halikunishangaza. Watu wa namna yake hawaanguki, huteremshwa taratibu juu ya godoro. Kilichonifanya nimwage chai ni jina. Mtu akipewa ubwana huchagua mahali pa kujiitia, na yeye amechagua kuitwa Bwana Stobbart wa Kirk Hesley.

Kirk Hesley ni kijiji chetu. Ni kama mwizi aliyebeba vyombo vyote, akakumbuka kitu njiani, akarudi kung'oa na kibao cha mlangoni.

Basi nitasema niliyoyaona, maana nilikuwepo, na sehemu ya makosa ni yangu.

Alec alizaliwa nyumba ya tatu, Mtaa wa Mazizi. Jiwe la paa lilimwangukia baba yake mgodini Alec akiwa na miaka sita. Kijiji kikamlea. Alikuwa na kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi, na umoja wetu wa wachimbaji ukaamua kwamba huyu hatashuka shimoni, huyu atasoma kwa niaba yetu. Mama zetu walimfumia sweta. Siku ya kwenda chuo hakuwa na viatu vya maana, akapewa vya Tot Coulthard, vile vyeusi alivyofungia ndoa mwaka uliotangulia. Tot aliviweka miguuni pa Alec akasema, "Nenda navyo mbali, mimi niendako ni chini tu."

Akaenda navyo mbali kweli. Akarudi kuwa katibu wa umoja, kisha diwani, kisha mwaka hamsini na tano tukampeleka Bungeni kwa tiketi ya chama chetu. Nasema chetu kwa sababu babu zetu ndio waliokianzisha, kwa mikutano ya kwenye baa na kwenye kanisa la bati. Tulimchagua mara nane. Mara nane nilibisha milango ya kijiji kizima kwa ajili yake, mvua ikininyeshea hadi kwenye soksi. Nilikuwa mtu wa kuhamahama, mara mgodini, mara melini, mara kwenye mabwawa ya Uskoti, lakini uchaguzi ukikaribia nilirudi. Waliniita Miguu.

Alipofanywa naibu waziri tulipika keki. Mwaka sitini na nane serikali yake mwenyewe ikafunga mgodi wetu. Alikuja, akasimama mlangoni mwa mgodi, akalia. Sisi tuliopoteza kazi ndio tuliompangusa machozi. Tulikuwa wajinga wa kiwango hicho.

Halafu ikaja Machi ya mwaka themanini na moja. Jumamosi alikuja kijijini kama kawaida kusikiliza shida za watu, akala keki ya Peggy Raine vipande viwili, akasema mdomo umejaa kwamba yeye na Kirk Hesley ni damu moja. Jumatatu redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Stobbart amenyanyuka kwenye benchi la chama chetu, akavuka sakafu ya Bunge, akaenda kuketi na wale wa chama kipya, chama cha maprofesa na wanywaji wa mvinyo. Alisema hakukihama chama. Chama ndicho kilichomhama yeye.

Sheria ya nchi yetu haimnyang'anyi mtu wa namna hiyo kiti. Mbunge akihama, kiti anaondoka nacho kama koti lake. Tulimwandikia ajiuzulu, turudi kupiga kura, tuone. Akajibu mistari miwili, imepigwa chapa na karani.

*

Klabu yetu ya wachimbaji ilijaa Alhamisi jioni, siku jibu lake lilipofika. Cyril Teasdale, mwenyekiti, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kufokea farasi. Alitaka fujo.

"Akikanyaga hapa Jumamosi, nampiga mayai viza," alisema. "Nimeshaanza kuyaweka."

"Yai la mke wako hata bichi ni viza," mtu akadakia, watu wakacheka kwa hasira, kile kicheko cha meno tu.

Mimi nikanyanyuka. Laiti ningekaa.

"Mkimpiga mayai," nikasema, "Jumapili mtamwona gazetini anafuta koti. Atakuwa shujaa. Yeye mdomo ndio kazi yake, mkipiga kelele atapiga kelele kuliko nyinyi. Mnyimeni hicho. Mfanyieni kama Seth."

Kila mtu alimjua Seth Burdon. Katika mgomo wa mwaka ishirini na sita, tulipokula majani ya shalgamu, Seth alirudi kazini wiki mbili kabla ya wenzake. Siku kumi na mbili tu za kazi. Tangu hapo hakuna mtu wa Kirk Hesley aliyemsemesha. Dukani alinyoosha kidole akapimiwa. Mama yake alipokufa tulibeba jeneza, kwa sababu ya mama, na hatukumpa pole. Miaka hamsini na mitano. Aliishi nyumba ya mwisho, akilima vitunguu vya majani vinene kama mkono wa mtu, na kwenye mashindano ya vitunguu ya Septemba hakuna hata aliyevipima.

Nikawapangia. Alec hukaa chumba cha kusomea cha klabu, saa nne mpaka saa saba mchana. Kila mwananchi ana dakika tano. Tutajiandikisha wote. Tutaingia mmoja mmoja, tutaketi mbele yake, tutamtazama dakika tano bila neno, tutaondoka, aje mwingine. Mimi nitakaa mlangoni na orodha na saa, kama nilivyokaa miaka yote.

"Na atakayefungua mdomo?" Cyril akauliza.

"Atakayefungua mdomo," nikasema mimi, kwa kinywa changu hiki, "naye ni Seth."

Wakapiga meza kwa viganja. Nilikwenda kulala nimefurahi kama mtu aliyeshinda kitu.

*

Ijumaa mchana Hilda Coulthard alikuja kwangu na mkoba wake wa sokoni. Alikuwa mjane wa Tot, na mimi na Tot tulichonga makaa bega kwa bega miaka kumi na tisa, kwa hiyo alikuwa shemeji yangu kuliko shemeji wa damu.

"Weka chai," akasema. "Na uketi, maana utasimama mwenyewe ukishasikia."

Nikaweka chai.

Tot alikuwa amekufa Novemba. Alikufa kwa kukosa pumzi, miezi kumi na minne amekaa kwenye kiti kwa sababu akilala anazama. Kwetu mchimbaji akifa, mjane huulizwa kabla hajafunga macho ya maiti: mapafu yachukuliwe? Naye hukubali, kwa sababu mapafu ndiyo shahidi. Hupelekwa mjini kwa jopo la madaktari, wayakate, waseme kama ni vumbi la makaa lililomuua au ni kitu kingine. Mapafu ya Tot yalikwenda. Jibu likarudi Januari: maradhi ya kifua yatokanayo na uvutaji wa sigara. Kuna daktari alikuta kikebe cha tumbaku kwenye koti la Tot, akaridhika, hakuuliza zaidi.

"Sigara!" Hilda akasema, kama kila mara alipolitaja. "Mtu hajawahi kuwasha kiberiti hata cha jiko. Nilikuwa nawasha mimi."

"Najua, shemeji."

"Unajua. Basi Alec ndiye aliyelishika faili. Alimwandikia waziri, waziri akakubali jopo likae tena Jumanne hii inayokuja. Jumanne, Norman. Baada ya hapo wanafunga. Na ofisi ya waziri haijibu barua ya mjane, hujibu ya mbunge. Kesho naingia kwake, na naongea."

Nilisimama, kama alivyosema.

"Hilda, usithubutu. Usiku mmoja tu umepita tangu kijiji kizima kipige meza. Ukiongea na yule mtu watakufuta. Hata mimi..." Sikuimaliza.

"Hata wewe nini?"

"Subiri uchaguzi. Tutapata mbunge mwingine."

"Lini? Mwaka wa ngapi?" Aliweka kikombe chini bila kukigonga, alikuwa mtu wa adabu hata akiwaka. "Sikiliza. Nimemzika mume wangu hana kitu kifuani. Nilikubali wampasue. Nikawapa mapafu yake, nao wakanipa neno la uongo badala yake, na neno hilo ndilo litakalokaa kwenye karatasi mimi na wewe tukishaoza. Kwamba Tot alijiua mwenyewe kwa sigara. Mgodi haukumgusa. Mgodi ulikuwa bustani! Wewe unataka ninyamaze?"

"Yule ni msaliti."

"Mimi sikusema si msaliti. Nimesema ana faili langu."

Alipoondoka hakunywa hata nusu ya chai.

*

Jumamosi watu thelathini na mmoja walijiandikisha. Foleni ilianzia chumba cha kusomea, ikapita ukumbini, ikatoka hadi kwenye ngazi. Alec alishuka garini na koti jipya la rangi ya ngamia, akaiona foleni, uso ukamng'aa. Alidhani tumekuja kubembelezwa.

"Miguu! Mzee wangu, bado hujafa?" akaniambia mlangoni, mkono umenyooka.

Nikatazama saa yangu. Mkono wake ukakaa hewani, ukarudi mfukoni.

Wa kwanza alikuwa Peggy Raine, mwenye keki. Mlango niliuacha wazi makusudi, watu waone.

"Enhe, Mama Peggy, paa la jikoni bado linavuja?"

Peggy aliketi, mikono juu ya mkoba, akamtazama.

"Halmashauri walikuja? Niliwaandikia."

Akamtazama.

"Peggy, kama umekasirika sema. Sisi ni watu wazima."

Dakika tano ni ndefu. Watu hawajui. Nilipogonga mlango Peggy alinyanyuka, akavuta kiti vizuri mahali pake, akatoka. Akaingia mzee wa taa za mgodi. Akaingia mwalimu wa watoto wadogo. Mpaka wa sita Alec alikuwa bado anatania. Wa tisa, Alec alimhubiria kuhusu mustakabali wa nchi, dakika tano nzima, hotuba safi, kama anauhutubia ukuta. Kwa wa kumi na mbili alivua koti. Wa kumi na tano alikuwa Cyril, akaketi na tumbo lake, akamtazama huku akimenya yai la kuchemsha polepole. Hilo halikuwa kwenye mpango lakini sikulizuia. Shingo ya Alec ilikuwa imeanza kulowa, naye alitazama karatasi zake tupu kama mtihani.

Nilifurahi. Siwezi kudanganya. Nilikuwa na hasira ya siku nyingi, hata ya mwaka sitini na nane ilikuwa bado imo, na kila dakika tano niliilisha kipande.

Wa kumi na nane kwenye orodha alikuwa Hilda.

Alivaa kofia yake ya mazishini. Ukumbi ulikuwa kimya tangu mwanzo, lakini sasa ukawa kimya cha kusikiliza. Aliketi, akafungua mkoba, akatoa barua ya jopo.

"Alec," akasema, "jopo linakaa Jumanne. Umefikia wapi?"

Niliona mgongo wa Cyril, aliyekuwa amebaki ukumbini kutazama, ukikakamaa. Nyuma yake mtu alisema "Ah!" kama aliyechomwa. Alec, yeye, alifumba macho kidogo, kama mwenye kiu aliyefikia maji.

"Hilda. Asante," akasema. "Faili ninalo hapa." Na kweli alikuwa nalo, juu kabisa, limefungwa kwa utepe. Hilo liliniudhi kuliko yote. Ningependa awe amelisahau. "Kimebaki kitu kimoja. Wanataka tamko la mtu aliyefanya kazi naye kwa miaka, kwamba hakuwa mvutaji. Lisemwe mbele yangu, liandikwe, atie sahihi, nami nithibitishe. Treni yangu ni saa nane. Nani yuko hai katika wenzake?"

Hilda hakusema jina. Aligeuza tu kichwa na kofia ile, akanitazama mlangoni. Kisha foleni yote ikanitazama. Kwenye lile kundi letu la wachimbaji tulikuwa sita. Wawili waliuawa na paa, watatu na vifua. Nimebaki mimi.

Nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika tatu.

"Hilda," nikasema, "mwambie huyo mtu kwamba Tot hakuvuta sigara maishani mwake."

"Haitoshi," Alec akasema, naye hakunicheka. "Shahidi anaulizwa na mimi, ananijibu mimi. Fomu yenyewe imeandikwa hivyo, sikuiandika mimi."

"Mwambie namjua, yeye na fomu zake."

"Norman," Hilda akasema. Akanyanyuka kwenye kiti.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ndivyo watu husema; hakuna anayesema itakuwaje ukiwavulisha nguo watu wengine. Nilimpa Cyril orodha na saa. Hakuvipokea, nikaviweka chini. Nikaenda nikaketi kwenye kiti kile, ambacho bado kilikuwa na joto la watu kumi na saba walioshika neno lao.

"Wewe ni Norman Peart, wa Kirk Hesley?"

Ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi.

"Ndiyo," nikasema.

Huko ukumbini nilisikia viatu. Watu walianza kuondoka.

"Ulimfahamu marehemu Thomas Coulthard kwa muda gani, na kwa kazi gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu tabaka la makaa la kimo cha goti, mkilala ubavu mmoja kutwa, mkichonga, vumbi huoni taa ya mwenzako. Nikamwambia kwamba kwenye mlango wa shimo unapekuliwa, na mtu akikutwa na kiberiti anakwenda jela, kwa sababu ya gesi. Kwa hiyo wachimbaji hutafuna. Tot alitafuna tumbaku tangu ana miaka kumi na minne, kipande cheusi kama lami, tuliamini mate yanazuia vumbi lisishuke. Alitafuna hata nyumbani, hata kanisani, akimeza kwa heshima. Kile kikebe daktari alichokiona kilikuwa cha hiyo, angekifungua angeona alama za meno. Na nikamwambia kuhusu leso za Tot, zile alizokoholea miaka ya mwisho, Hilda akizichemsha na maji yanabaki meusi kama wino.

Alec aliandika. Kisha akanisomea, na hapo ndipo nilipoumia hasa. Aliandika vizuri mno. Kila neno lilikuwa langu, ila amelipanga kama matofali, huwezi kuchomoa moja. Daktari gani angesimama mbele ya karatasi ile? Hiyo kalamu tuliichonga sisi. Tulimtoa shimoni ili tuwe na mtu mmoja wa kuandika hivi, naye alijua kazi, shetani yule, alijua kazi mpaka mwisho, na Jumatatu ile alikuwa ameibeba akaenda kuwapa wengine.

Nikatia sahihi. Naye akatia. Halafu nikaona: nimeshavunja, nivunje yote.

"Sasa sikiliza," nikasema. "Ulikwenda chuo na viatu vya nani?"

Akaifunika kalamu yake.

"Vya nani, Mheshimiwa?"

"Vya Tot."

"Vya Tot! Vya harusi! Tot kafunga ndoa kesho yake karudi kuvaa buti za shimoni mpaka kafa. Ulivuka ile sakafu na viatu vya nani, eti? Ulitwambia lini? Jumamosi ulikuwa unakula keki hapa! Kama ulichoka na sisi ungesema, tungekupigia makofi ukaenda. Lakini ulikula keki, Alec. Kiti si chako. Si chako! Kila mguu wa kile kiti una mtu aliyekufa chini yake, mmojawapo baba yako!"

Nilipiga kelele mpaka madirisha ya chumba yakaitika. Nilimtukana kwa matusi ya mgodini, matusi ya melini, na moja la Kireno. Nilipoishiwa pumzi nikamtazama, nikitegemea nione mtu aliyevunjika.

Alikuwa ametulia. Mabega yake yameshuka. Rangi imemrudia.

"Asante, Miguu," akasema taratibu, na alimaanisha. "Nilidhani hakuna hata mmoja ambaye angenisemesha."

Hapo nikajua nilichofanya. Watu kumi na saba walikuwa wamembebesha jiwe, na mimi, mwenye hasira kuliko wote, ndiye niliyemtua. Aliondoka Kirk Hesley siku hiyo akiwa mtu aliyefokewa, amekiri kwa kunyamaza, amesamehewa nusu. Alipopita mlangoni aliniwekea mkono begani. Ukumbini hapakuwa na mtu wa kumtazama.

*

Jumapili nilikwenda klabu. Niliagiza bia, nikawekewa bia. Mhudumu alitazama ukuta. Nilikwenda kwenye meza yetu, wale wanne wakanyanyuka na bilauri zao, wakaenda kuketi kwingine. Cyril alikuwa anasoma ubao wa matangazo kwa bidii, naye kusoma hajui vizuri.

Sikulalamika. Sheria ilikuwa yangu. Nilikasirika hata hivyo, nikawakasirikia wao, nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia Alec kwa yote mawili. Dukani nilianza kunyoosha kidole. Hilda naye alinyoosha kidole. Peggy Raine, jirani yake wa ukuta mmoja miaka thelathini, alianika nguo akimpa mgongo. Mimi na Hilda tulizungumza wenyewe kwa wenyewe mpaka maneno yakaisha, kama watu wawili wenye sabuni moja.

Wiki ya tatu, asubuhi, nilipita nyumba ya mwisho. Seth Burdon alikuwa bustanini anaviinamia vitunguu vyake, mzee wa miaka sabini na saba. Akanyanyua kichwa. Sauti yake sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Ilikuwa nyembamba, kama mlango usiofunguliwa.

"Karibu," akasema.

Neno hilo tu. Sijui kama alikuwa ananicheka. Nadhani alikuwa ananicheka. Nami, msemeshaji wa wasaliti, niliyefutwa na kijiji, niliinamisha kichwa nikapita bila kumjibu. Nilishika sheria! Mpaka leo nikikumbuka nahisi masikio yanawaka.

Barua ya jopo ilikuja Juni. Hilda hakuniambia. Alisubiri Jumapili, saa sita mchana, klabu imejaa, akavaa kofia ile, akaja.

Kwenye klabu yetu sakafuni kulikuwa na ukanda wa shaba, kutoka ukuta mpaka ukuta. Upande wa huku wanawake waliruhusiwa kuketi na waume zao. Upande wa kaunta hawakuruhusiwa, na hakuna mwanamke aliyewahi kuukanyaga, hata wa kupiga deki. Upande ule ulipigwa deki na mwanamume. Hilda alifika kwenye shaba. Hakupunguza mwendo. Akavuka, akaenda akasimama kaunta katikati ya wanaume, akavaa miwani.

"Mwanamke haruhusiwi hapa," Cyril akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu Machi.

"Kumbe unaongea," Hilda akasema. "Basi sasa sikiliza."

Akasoma. Aliisoma barua yote, na tarehe, na namba ya faili, kwa sauti ya kanisani. Kwamba jopo limeyapima mapafu upya. Kwamba limepokea tamko la Norman Peart. Kwamba Thomas Coulthard amekufa kwa vumbi la makaa ya mawe lililoganda mapafuni, alilolipata kwa kazi yake katika mgodi wa Kirk Hesley, na kwamba hakuwa mvutaji. Kisha akasoma tena ile sentensi ya vumbi peke yake. Nusu ya wanaume waliokuwa mle walipumua kwa kukoroma. Wenyewe walikuwa na jibu hilohilo kifuani, linangoja karatasi.

Akaikunja barua.

"Hili neno nimelipata kwa kuongea," akasema. "Kila mmoja wenu mkewe ataulizwa kuhusu mapafu. Mkumbuke siku hiyo mlivyokuwa hodari wa kunyamaza. Haya, endeleeni."

Akavuka tena shaba, akatoka. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemwita. Niliwatazama. Cyril alifungua mdomo, na nilingoja, Mungu shahidi, ningemsamehe kwa neno lolote, hata tusi. Akaufunga. Akachukua bilauri yake.

Niliiacha bia yangu juu ya kaunta, haijaguswa, nikatoka. Kesho yake nilifunga begi, maana hasira yangu siku zote imekuwa na miguu. Hilda nilimuaga, akaniambia niandike, na kwamba Alec akirudi kuomba kura, yeye Hilda hatamwambia mtu amempa nani. Uchaguzi uliofuata Alec alishindwa vibaya, naam, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa safari yake ya kwenda kwenye joho jekundu.

Njiani kwenda kwenye basi nilipita nyumba ya mwisho. Seth alikuwa pale pale, anapalilia.

"Habari za asubuhi, Seth," nikasema.

Hakuinua kichwa. Aling'oa gugu, akakung'uta udongo, akalitupa.

"Umechelewa," akasema.

Basi lilikuwa linakuja. Nikaondoka.